Altezza ya mkononi au ya kuagiza Japani? Piga hesabu kabla mtaji haujapanda meli

Mwezi Mei, mpunga wa Mbarali unapoanza kuteremka mashineni, simu za kutoka Ubaruku huwa nyingi. Mpwa wangu, ambaye kwa miaka kadhaa sasa ananunua mpunga kwa wakulima na kuuza mchele mjini Mbeya na Dar es Salaam, alinipigia usiku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari za mpunga?"

"Mpunga upo, bei bado iko chini. Ila mjomba, safari hii nataka gari."

Nikafurahi. Nikajua kijana ameamua kununua pikapu au Kenta ndogo ya kubebea magunia, aachane na kukodi. Nikamuuliza ni tani ngapi. Akacheka, akasema anataka Altezza.

Msomaji asiyezijua gari hizi anaweza kujiuliza habari hii inafanya nini katika kurasa za kilimo na biashara. Jibu ni kwamba fedha inayonunua gari hizi, kwa sehemu kubwa, ni ya msimu. Ni ya mpunga, ya vitunguu, ya kahawa, ya duka la spea au la simu. Kijana akipata faida ya misimu miwili au mitatu hataki tena kupanda bodaboda, na gari analolitamani ni lile lililokuwa likimpita barabarani alipokuwa shuleni. Basi swali linalomkabili ni lile lile linalomkabili anayetaka Noah ya abiria au Hilux ya shamba: anunue lililokwisha kutumika hapa nchini, yaani la mkononi, au aagize mwenyewe kutoka Japani?

Wengi hujibu swali hilo kwa kusikia. Mmoja atakwambia gari la mkononi ni kununua matatizo ya mtu. Mwingine atakwambia kuagiza ni kutupa fedha baharini. Mpwa wangu alikuwa na shilingi milioni 24, akiba yake yote pamoja na mtaji wa msimu, hivyo tukakaa chini na karatasi.

Kwa nini Mjapani anauza rahisi

Kwanza ni vyema kujua gari hizi zinatoka wapi. Japani gari jipya la mtu binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa serikali, unaoitwa shaken, baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo si wa kupita getini na kupewa stika. Una gharama kubwa, pamoja na kodi ya uzito na bima ya lazima, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi zake huongezwa. Mwenye gari akiona ukaguzi unakaribia, mara nyingi huona heri aliuze. Ndiyo maana gari ambalo kwetu lingeitwa zuri kabisa hupelekwa mnadani kwa bei ya chini. Kwa kuwa Japani nao huendesha kushoto, na usukani uko kulia kama kwetu, soko la Afrika Mashariki likawa la kawaida kwao.

Altezza ilitoka mwaka 1998, na ilichaguliwa kuwa gari la mwaka la Japani kwa 1998 hadi 1999. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ziko za aina mbili kubwa, na hapa ndipo vijana wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Yenye namba ya chesisi inayoanza na SXE10 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, lita mbili, na ndiyo yenye nguvu. Yenye GXE10 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, nayo ya lita mbili, laini zaidi lakini si ya mbio kama ile. Kwa nje zinafanana. Mtu anaweza kubandika nembo ya RS200 kwenye buti la GXE10 kwa elfu chache, na madalali wanalijua hilo. Usisome buti, soma chesisi.

Jambo la pili ambalo halina budi kukumbukwa: utengenezaji wa Altezza ulikoma mwaka 2005. Kwa hiyo hakuna Altezza ya kuagiza iliyo changa. Hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imevuka miaka kumi zamani sana, na umri huo una bei yake pale bandarini.

Hesabu ya kuagiza

Ukiangalia matangazo ya kampuni za Japani utaona bei mbili. FOB ni bei ya gari likiwa bandarini Japani, kabla ya meli. CIF ni bei hiyo ukijumlisha nauli ya meli na bima hadi Dar es Salaam. Wengi huona FOB, hufurahi, na humwambia mke kwamba gari limepatikana. Kwa hesabu ya nyumbani, FOB isahau, anza na CIF.

Tuchukue mfano wa Altezza yenye CIF ya dola 4,000. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, yaani dola 1,000. Jumla inakuwa 5,000. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini. Kwa injini iliyozidi lita moja na isiyozidi lita mbili ni asilimia 5, yaani dola 250. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: gari la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Altezza iko kwenye kundi hili la mwisho, nayo italipa dola 1,500. Sasa tumefika 6,750. Halafu VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo, dola 1,215.

Ukijumlisha kodi hizo peke yake unapata dola 3,965. Kwa maneno mengine, gari la dola 4,000 linadaiwa kodi inayokaribia dola 4,000, na hapo hujaweka tozo nyingine za forodha, gharama za bandari, malipo ya wakala, usajili na namba. Kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola, ambacho tulikitumia kwa urahisi wa hesabu tu, gari na kodi zilifika milioni 20 na laki saba. Tukaongeza milioni moja na nusu ya bandari, wakala na usajili. Milioni 22 na zaidi. Mpwa wangu alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nipige tena hesabu ile. Nikapiga. Ikawa ile ile.

Nilimwonyesha pia kwamba gari lisilofika miaka 8, lenye CIF hiyo hiyo na injini hiyo hiyo, lingelipa kodi ya dola 2,195 badala ya 3,965. Tofauti ya dola 1,770 ni umri tu. Kwa mtu anayetaka gari la kazi, hapo kuna somo kubwa, maana wapo wanaokimbilia gari la mwaka wa zamani kwa sababu ya FOB ndogo, kisha wanakuja kuilipa ile tofauti TRA.

Kuna mtego mwingine. TRA haikokotoi kodi kwa kutazama risiti yako pekee. Ina mfumo wake wa thamani za magari yaliyotumika, kwa aina, mwaka na injini. Ukimpata Mjapani mwenye huruma akakuuzia kwa nusu bei, kodi inaweza kubaki ile ile ya wenzako. Jambo jema ni kwamba kikokotoo hicho kimewekwa kwenye tovuti ya mamlaka hiyo, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingiza aina ya gari na mwaka akaona atadaiwa kiasi gani kabla hajatuma hata senti. Fanya hivyo siku ile ile unapotaka kutuma fedha, kwa sababu viwango hubadilika na bajeti ya kila mwaka.

Kwa nini bei za Japani zenyewe zimepanda

Mpwa wangu alikuwa na rafiki aliyeagiza Altezza zamani kwa fedha ndogo, na hakuelewa kwa nini bei zimekuwa hivi. Sehemu ya sababu iko mbali na sisi. Sheria ya Marekani huzuia gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao vya usalama, lakini gari likifikisha miaka 25 kizuizi hicho huondoka. Kwa hiyo kila mwaka kundi jipya la magari ya michezo ya Japani hufunguliwa mlango wa Marekani. Nissan Skyline GT-R R34 ya mwanzoni ilifikisha umri huo mwaka 1999 ulipotimiza miaka 25, yaani 2024. Altezza za kwanza zilitangulia mwaka mmoja.

Altezza haijafikia bei za Skyline wala Supra, na Wamarekani hawaigombanii hivyo. Lakini muuzaji wa Japani anajua kwamba gari la michezo lenye gia za mkono lina wateja wengine wenye dola, na anapanga bei akilijua hilo. Gari lililokuwa takataka kwao sasa linahesabiwa kuwa la kumbukumbu. Toleo la gia otomatiki, ambalo wapenzi wa mbio hawalitaki sana, ndilo lililobaki na bei ya kawaida kidogo.

Wenzetu wa Kenya wao hawana swali hili kabisa. Sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo Mkenya anayetaka Altezza leo atanunua iliyomo nchini mwake tu. Sisi tunaruhusiwa, ila tunalipia.

Ukiamua kuagiza, soma karatasi ya mnada

Pamoja na hayo, wapo wenye uwezo, na wapo wanaotaka gari lisiloguswa na barabara zetu. Hao nawaambia: kitu cha thamani kuliko picha ni karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupita minadani, kama ile ya kampuni ya USS yenye mnada wake mkubwa Noda, mkoa wa Chiba. Kabla gari halijauzwa, mkaguzi wa mnada hulikagua na kujaza karatasi moja. Muuzaji mkweli atakutumia nakala yake ukiomba. Asiyetaka kukutumia ana sababu.

Juu ya karatasi kuna alama ya jumla. Gari la zamani lenye 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida lenye mikwaruzo na mabonyeo ya umri wake. Ukikuta herufi R au RA, gari limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Kuna pia herufi ya hali ya ndani, A ikiwa safi na D ikiwa imechoka. Chini kuna mchoro wa gari uliowekwa alama ndogo ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa bodi na kupakwa rangi, S ni kutu, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi inaeleza ukubwa, 1 ikiwa ndogo.

Alama ya S ndiyo ninayoihofia kuliko zote kwa gari la umri huu. Sehemu za kaskazini za Japani, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chini ya gari, kwenye mihimili na mabomba ya breki, mahali ambapo picha ya tangazo haifiki. Gari linang'aa juu kama sahani, chini limeoza. Omba picha za chini.

Tarehe nazo zina namna yake. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na karatasi nyingi huandika H13 au H15. Hiyo H ni Heisei. Ongeza 1988 na utapata mwaka wetu: H13 ni 2001. Ukikuta R mbele ya mwaka, ni Reiwa, ongeza 2018. Hesabu hii ndogo imewaokoa watu na muuzaji aliyeandika kwenye tangazo mwaka usiofanana na wa karatasi, na kwa kuwa umri wa gari ndio unaopanga kodi, mwaka mmoja unaweza kuwa fedha nyingi.

Kuhusu malipo, tuma kwa benki, kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lile lile lililo kwenye ankara, na siyo kwa jina la mtu. Aliyekuambia utume kwa "ofisa wetu" ili upate punguzo, mwache. Baada ya hapo meli huchukua kama mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, mara nyingine zaidi. Hati ya meli na cheti cha kufutiwa usajili Japani ni lazima vifike kwako au kwa wakala kabla ya gari, kwa sababu siku za bure za bandarini zikiisha, gari huanza kulipia mahali linapolala. Wakala wa forodha awe mwenye leseni. Ukaguzi wa ubora wa TBS nao uliza utaratibu wake wa sasa kabla ya kulipa. Kwa miaka mingi ulifanyika Japani kabla ya gari kupakiwa, na mwaka 2021 ukahamishiwa Dar es Salaam. Mtu anayefuata maelezo ya rafiki aliyeagiza miaka kumi iliyopita anaweza kulipa mara mbili au kuadhibiwa kwa kukosa cheti.

La mkononi: gari unaliona, historia hulioni

Tulipomaliza hesabu ya kuagiza, mpwa wangu alihamia kwenye la mkononi. Bei alizozikuta zilikuwa kati ya milioni 9 na 13, nusu ya kuagiza. Na faida zake hazihitaji maelezo marefu: unaliona, unaliendesha, unampeleka fundi, kodi imekwisha kulipwa, na jioni ile ile unarudi nalo.

Tatizo ni kwamba gari hilo limeishi nasi. Limepita kwenye matuta yetu. Huenda liliendeshwa miaka ile ya uchakachuaji, kabla na baada ya mwaka 2010, wakati mafuta ya taa yalipokuwa yakichanganywa kwenye petroli na dizeli hadi serikali ikaanzisha uwekaji wa vinasaba na kisha kupandisha kodi ya mafuta ya taa. Injini ya 3S-GE ya SXE10, ambayo Japani hutiwa petroli ya oktani ya juu, haikufurahia miaka hiyo. Na Altezza hasa ni gari la vijana: limeshushwa springi, limebadilishwa bomba la moshi, limefungwa hiki na kile. Kila aliyelimiliki aliligusa.

Herufi za namba hukupa dokezo. Namba inayoanza na A au B imekuwa nchini muda mrefu, na D imeingia karibuni kuliko hizo. Watu hulipa zaidi kwa sababu ya herufi, na hapo mimi nina maoni yangu. Nimeona gari namba B la mwalimu lililotunzwa kama mtoto, na namba D lililokwisha baada ya miaka miwili. Herufi inasema lini gari lilisajiliwa, haisemi nani alilala nalo gereji.

Ukienda kuliona, nenda asubuhi kabla halijawashwa. Shika bomba la moshi. Kama ni la moto, mwenyewe amelipasha ili lisikusumbue kuwaka. Washa swichi bila kuanzisha injini na utazame dashibodi. Taa ya injini na ya mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizime gari likishawaka. Kama taa ya injini haiwaki kabisa, mtu ameng'oa balbu ili usione kosa. Tazama vioo vyote, kila kimoja kina chapa ya mtengenezaji. Chenye chapa tofauti na wenzake kiliwekwa baadaye, na uliza cha kwanza kilivunjwa na nini. Tazama nati za boneti na za fenda: rangi iliyochubuka kwenye vichwa vya nati ina maana zimewahi kufunguliwa.

Swali kubwa kuliko yote kwa Altezza ni mkanda wa taimingi. Injini zote mbili, 3S-GE na 1G-FE, hutumia mkanda, si cheni, na Toyota huupangia kubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ukikatika safarini, vali zinaweza kugonga pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Japani ulipobadilishwa hubandikwa stika kwenye chumba cha injini yenye tarehe na kilomita. Kama hakuna stika wala risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo ipunguze kwenye bei kabla hujatoa fedha. Pia fundi atikise matairi ya mbele kusikiliza bolijointi za chini. Gari liko chini na matairi ni mapana, barabara ya vumbi haiziachi.

Fundi awe wako. Fundi anayeitwa na muuzaji ni sehemu ya muuzaji.

Kadi iko kwa kaka

Sasa nieleze lililotaka kutupata. Altezza ya kwanza tuliyoikuta ilikuwa Dar es Salaam, SXE10 kweli, gia sita, rangi ya fedha. Muuzaji alitaka milioni 11 na alitoa nakala ya kadi. Nikaomba kadi halisi. Akasema iko kwa kaka yake Morogoro, tuweke milioni mbili tu ili asiuzie mwingine, kadi italetwa kesho. Mpwa wangu alikuwa ameshatoa simu kutuma fedha. Nilimshika mkono.

Kesho yake kadi haikuja. Siku ya tatu ikabainika kwamba kadi ile ilikuwa imewekwa rehani kwa mkopeshaji, deni lilikuwa limezidi nusu ya bei ya gari, na mkopeshaji alikuwa akilitafuta. Kama tungelipa, tungerudi Ubaruku na gari ambalo siku yoyote lingekamatwa njiani, na mtu wa kudai angekuwa kaka wa Morogoro ambaye sidhani kama yupo.

Kwa hiyo kadi halisi kwanza, mazungumzo baadaye. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kama ni la mtu wa tatu, huyo wa tatu aje mwenyewe. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na za kwenye gari, na injini iliyobadilishwa iwe imeandikishwa. Faini za barabarani huandikwa kwa namba ya gari, hivyo angalia deni kwenye mfumo wa polisi, usije ukalipa makosa ya mwenzako. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, fedha ipite benki, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mara moja. Wengi huendesha miaka na kadi ya mwingine. Siku mwenye jina akifariki, au akigombana na mkewe mahakamani, gari huwa mali ya kugawanywa.

Mpunga haungoji meli

Kilichoamua mambo hakikuwa gari, kilikuwa kalenda. Mpunga wa Mbarali bei huwa chini kati ya Mei na Julai, wakulima wakihitaji ada na kulipa madeni, na mfanyabiashara anayenunua wakati huo na kuweka ghalani huuza vizuri kuanzia Desemba. Kama mpwa wangu angetuma fedha Japani mwezi Mei, mtaji ungekuwa baharini Juni, bandarini Julai, na yeye angeshinda kwenye mashine akitazama wenzake wakinunua. Angepata gari Agosti akiwa na milioni moja na laki kadhaa mfukoni. Na hapo kama dola ingeadimika, kama ilivyokuwa mwaka 2023 watu walipopanga foleni benki kuitafuta, ratiba nzima ingeharibika.

Nilimshauri achukue Probox, iliyokwisha zoeleka, spea kila kona, na nyuma hubeba magunia. Akanijibu kwa adabu zote, "Mjomba, Probox nitaendesha nikiwa na umri wako." Sikuendelea.

Mwishoni alinunua ya mkononi hapo hapo Mbeya, kwa mtumishi aliyekuwa akihama kikazi. Ni GXE10, otomatiki, siyo ile ya gia sita aliyoiota. Kadi ilikuwa ya muuzaji mwenyewe tangu gari lishuke melini. Alilipa milioni 10 na nusu, fundi wetu akabadilisha mkanda, bolijointi mbili na mafuta ya gia kwa jumla ya milioni moja na laki moja. Zilizobaki, milioni 12 na laki nne, ziliingia kwenye mpunga kabla ya Juni kwisha.

Gari halipandi kule kwenye skimu mvua zikianza. Analiacha Ubaruku mjini na kuchukua bodaboda kama zamani. Juzi alinipigia kulalamika kwamba silinda sita zinakunywa kuliko alivyotegemea, akauliza kama kuna mtu Mbeya anayeweza kurudisha springi za asili. Mpunga bado uko ghalani, hajauza gunia hata moja.